Mpagazi Aliyeachwa Amesimama

Maiti ya Mzee Sefania Kaniki ilikuwa imekwisha kuondolewa. Kilichobaki chumbani ni doa jeusi mbele ya meko ya mawe, nyundo ndogo ya fundi iliyofungwa kwenye gazeti, na vita.

Vita vyenyewe vilikuwa juu ya meza, na meza ilikula karibu chumba kizima. Vilima vyake vilikuwa vya magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, yakakaushwa, yakapakwa rangi ya majani. Juu ya vilima walijipanga askari wa urefu wa kidole gumba, bunduki zao za pini, na kitambaa kisogoni kama askari wa Mjerumani wa zamani. Marehemu alikuwa mchora ramani mstaafu. Mchezo huu aliachiwa na Mzungu mpima ardhi aliyerudi kwao, na kila Alhamisi mchana wazee watatu walifunga mlango, wakapigana upya vita vya Mjerumani na Mwingereza kwa dadu na uzi wa kupimia.

Inspekta Yudith Shemweta, aliyepanda kutoka mkoani asubuhi ile, alizunguka meza mikono ikiwa nyuma.

"Hakuna aliyegusa?"

"Hakuna, afande," alisema Koplo Mika. "Jana nimefunga mlango mwenyewe, ufunguo ninao mfukoni. Mpiga picha amepiga, tukatoka. Na kusema kweli hata kwa bakshishi nisingegusa. Vinaangalia hivi."

Mika alikuwa kijana wa Korogwe, na ukungu wa Lushoto ulimtoa kamasi tangu ahamishwe. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Mzee amepigwa nyundo ya kisogo Jumamosi jioni. Nyundo ni ya Yusufu Hoza, fundi aliyemtengenezea mizinga na askari. Jumamosi hiyohiyo majirani walimsikia Yusufu akipaza sauti humo ndani. Jumapili asubuhi ni Yusufu huyohuyo aliyekutwa amepiga magoti kando ya maiti. Gari la mahabusu lilikuwa linapanda kutoka Mombo kuja kumchukua, na shtaka lililomngoja huko chini lilikuwa moja tu, lile ambalo adhabu yake ni kitanzi.

"Na hapa, afande, amejitia saini kabisa," Mika alisema, akaonyesha kwa kidevu.

Kwenye kilima cha katikati kulikuwa na mzinga mpya, unaong'aa kuliko mingine. Gurudumu lake la kushoto limevunjika. Kando yake askari watano wamelazwa ubavu wa kulia, mstari mmoja, nyuso zikielekea dirisha la kaskazini.

"Kibla," alisema Mika. "Mwislamu amezika watu wake. Marehemu Mlutheri, fundi Mwislamu. Unataka nini tena?"

Yudith alichuchumaa, akaangalia chini ya meza. Palikuwa na vumbi la rangi ya majani, na kipande cha kifungo cheusi kilichopasuka, cha lile gurudumu. Akakiokota, akainuka, akatazama ukingo wa meza. Kilima cha pembeni kilikuwa kimebonyea, kama mtu aliyekiegemea kwa uzito wake wote.

"Mzinga huu ulianguka sakafuni," alisema. "Wakati wa purukushani. Ukakanyagwa. Sasa niambie, Mika, mzinga uliokanyagwa hupanda mezani wenyewe?"

"Aliurudisha muuaji. Ili isionekane walishikana."

"Sawa. Akaokota na askari, mmoja mmoja, akawalaza kwa adabu. Na huyu je?"

Nyuma ya mzinga alisimama mtu wa sita. Hakuwa na bunduki wala kofia. Alikuwa ameinama, kamba ya uzi begani, miguu imepinda kwa uzito. Watano wamelala, yeye kaachwa amesimama.

"Huyo labda alisahaulika," alisema Mika.

"Amerudishwa mezani, akasimamishwa vizuri, kamba ikawekwa begani. Hapo pana kusahau?"

Mika akapenga kamasi.

Yudith alifungua mfuko wake, akautia mzinga na watu wake sita ndani ya boksi la viatu lenye pamba.

"Afande, hicho ni kielelezo!"

"Kimepigwa picha, na ninakichukua mbele yako. Twende mahabusu."

*

Zakia, mke wa Yusufu, alikuwa amesimama nje ya kituo na bakuli la makande limefunikwa kitambaa. Alimwamkia inspekta, akauliza kitu kimoja tu:

"Wakimshusha Tanga, atarudi?"

"Mpelekee chakula kwanza, mama."

Yusufu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mkono wake wa kulia ulifungwa kipande cha khanga. Jumapili, kabla koplo hajafika, watu waliojaa uani kwa marehemu walikuwa wamekwisha kumhukumu, na mmoja alimkanyaga vidole kwa buti. Vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyundo ni yako?"

"Yangu. Niliiacha pale Jumamosi mchana, kazi ilikuwa haijaisha. Rangi yangu ni masizi na vanishi, na kwa baridi hii haikauki upesi. Nilirudi Jumapili kuangalia kama imekauka. Ndiyo nikamkuta."

"Watu walisikia mnagombana."

"Tulibishana. Mzee alikuwa mbishi, na mimi siyo wa kukubali haraka."

"Mlibishania nini?"

Yusufu aliangalia boksi la viatu. "Umewaleta humo?"

"Mlibishania nini, Yusufu?"

"Mpagazi," alisema.

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosahau kwamba yuko mahabusu. Mzinga ule aliuanza kwa kipande cha eriali ya redio, maana eriali huenda ikipungua kama mtutu wa kweli. Ngao ni kopo la maziwa. Magurudumu ni vifungo vya koti la mitumba, amevitoboa kwa msumari wa moto na kutia spoku za waya. Siku hizi kila kitu kinapatikana Mombo, alisema, tangu milango ya biashara ifunguliwe. Hata vijisanamu vya plastiki vinakuja ndani ya marobota, kwenye mifuko ya makoti ya watoto wa Ulaya. Wengi ni Wazungu wa kuchunga ng'ombe, kofia pana, bastola mkononi. Yeye huwakata shingo kwa wembe, huwapasha mikono kwenye mshumaa mpaka ilegee, huwakunja upya: huyu abebe kombora, huyu achungulie shabaha. Kitambaa cha kisogoni ni karatasi ya sigara. Chini ya miguu kizibo cha soda kilichopondwa, wasimame.

"Wa mzinga huwa watano. Ndiyo kanuni yao. Mimi Jumamosi nikaleta sita."

"Kwa nini?"

"Babu yangu alivuta mzinga kupandisha mlima huu, mama. Wa kweli. Kamba begani, yeye na wenzake, mvua inanyesha. Hakurudi nyumbani. Nikamwambia mzee, watano hawa wanapiga, sawa, lakini nani kaufikisha juu? Yeye akasema kanuni, kanuni. Ndiyo nikapaza sauti. Nikamwambia babu yangu siyo kanuni." Akalielekezea boksi mkono wa kushoto. "Huyo nimemchonga kwa mti wa mkulo. Wa plastiki wote wamenyooka, hakuna hata mmoja aliyeinama."

"Ikaishaje?"

"Mzee alimshika, akamgeuzageuza. Halafu akamweka mwenyewe pale mkiani mwa mzinga. Akasema, 'Yusufu, wenzake huyu nawajua walipolala. Nitawasema mbele ya kijiji.' Nikaondoka tukiwa tumepatana. Wallahi."

"Wakicheza wewe unakaa?"

"Mimi fundi. Wakicheza mlango unafungwa, hata uji siletewi."

Mika, mlangoni, alikohoa kucheka.

Yudith aliweka boksi sakafuni, akafungua. "Hebu nipangie. Kama ulivyowaacha."

Yusufu hakuwagusa askari. Aliuinua mzinga kwa mkono wa kushoto, akaona gurudumu, akafyonya kama mtu aliyeona mtoto wake amechubuka. "Nani kafanya hivi?" Akatafuta kipande kilichopasuka, Yudith akampa. Akaomba gundi. Koplo akamtazama inspekta, inspekta akatikisa kichwa kukubali, gundi ya ofisini ikaletwa. Fundi alishikilia kifungo kwa meno, akaunganisha kwa vidole vitatu vya kushoto, jasho likimtoka. Spoku moja ilikaa upande.

"Imepinda," alisema kwa aibu. "Mkono."

"Haidhuru. Sasa wapange."

Aliwasimamisha wote sita. Alianza na mpagazi. Walipokuwa wamesimama akawageuza mmoja mmoja, akaonyesha mbavu za kulia: rangi ilikuwa imebanduka, imeshika vumbi la majani.

"Nani kawalaza wakiwa wabichi? Mtu anayejua rangi hawezi."

"Watano tu," alisema Yudith. "Tazama wa sita."

Yusufu akamgeuza mpagazi. Rangi yake ilikuwa imechubuka mgongoni kwa kuanguka, lakini ubavuni ilikuwa nzima.

*

Daktari Abdallah, mmoja wa wale wazee watatu wa Alhamisi, hakuwa daktari hasa, alikuwa mganga msaidizi wa zahanati ya pale mjini, ila watu walikwisha kumpa cheo. Tangu Ijumaa alikuwa Bumbuli, amempeleka mama aliyeshindwa kujifungua, akalala kulekule wodini. Manesi wa zamu walikwisha kuthibitisha kwa simu. Alirudi akaambiwa mwenzake amekufa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Onga makeo, mwanangu," alimsalimu Yudith kwa Kishambaa, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Uliza. Lakini univumilie kidogo, sijalala."

"Mzinga ukipigwa, mezani mnafanyaje?"

Abdallah alimtazama. "Hilo ndilo la kuuliza?"

"Hilo, mzee."

"Gurudumu likitoka, mzinga umekufa. Watu wake unawalaza. Kwa ubavu wa kulia, uso dirishani. Aliyeleta hilo ni Sefania mwenyewe, na yeye ni mtu wa kanisa! Alisema askari wale wengi walikuwa Waislamu, hatuwezi kuwatupa chali kama kuni. Mimi nilifurahi. Mwalimu Kristian, mwenzetu wa tatu, alinung'unika wiki mbili, halafu mkono ukazoea. Siku hizi analaza vizuri kuliko mimi."

"Na wapagazi?"

"Wapo, wa mizigo, nyuma ya mistari."

"Mzinga ukifa, nao wanalazwa?"

"Aa, hapana. Wapagazi hawahesabiwi. Hawauawi mezani. Unawaacha wamesimama, wanasubiri kuvuta kinachofuata." Alisikia alichosema, akashusha macho. "Ndiyo kanuni tuliyoikuta."

"Sheria hii nani anaijua?"

"Sisi watatu. Mmoja kafa, mmoja yuko mbele yako." Abdallah akainuka polepole. "Hapana. Mwanangu, hapana. Mwalimu amenifundishia watoto wangu."

"Marehemu alisema atawasema watu waliolala, mbele ya kijiji. Akina nani?"

Abdallah alikwenda dirishani. Juu ya mji, ukungu ulikuwa unapanda kilima cha Kwemtindi. "Pale," alisema. "Wapagazi wa mzinga. Walikufa kwa homa na baridi, wakafukiwa bila alama. Sefania alipokuwa akipima na Mzungu wake walikuta mifupa, wakafukia tena. Sasa kuna mwekezaji anataka kujenga hoteli, watalii waone mawingu. Kijiji kinakutana wiki hii kumpa kilima."

"Mwenyekiti wa kamati ya ardhi nani?"

Mzee hakugeuka. "Nimekwisha kumtaja," alisema.

*

Mwalimu Kristian Shechambo alikuja nyumbani kwa marehemu kwa miguu, koti limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Alikuwa mrefu, mstaafu aliyefundisha historia nusu ya mji ule. Koplo alimshikia mlango, maana hata yeye alianza kuzoea kumwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Yudith.

"Marahaba, binti. Jambo baya sana hili. Kijana yule nilimwonea huruma siku zote, lakini hasira zake! Babu yangu, babu yangu. Kila mtu ana babu."

"Alikwambia lini habari za babu?"

"Ah, maarufu hayo."

"Wewe mara ya mwisho kuingia humu?"

"Alhamisi. Tulicheza, nikashindwa, nikaenda zangu. Jumamosi nilikuwa nyumbani na malaria yangu."

"Peke yako?"

"Mzee mjane hulala na nani?"

Mika akacheka, akaacha alipoona inspekta hacheki.

"Mwalimu, mimi mchezo huu siujui, na kesho hakimu ataniuliza," alisema Yudith. "Nifundishe." Akaondoa kitambaa juu ya kilima cha katikati. Mzinga mpya ulikuwa umesimama pale, watu wake sita wamesimama nao. "Huu ni mpya. Fundi aliuleta Jumamosi mchana. Hujauona bado."

"Sijauona." Mwalimu aliinama, akavaa miwani. "Fundi ni fundi, hatuwezi kumnyima. Haya, uliza."

"Niseme dadu imeanguka vibaya. Mzinga umepigwa."

"Basi. Watu wake wanakufa." Vidole virefu vikashuka juu ya meza. Mmoja, wawili, watatu. Alilaza kwa upole, ubavu wa kulia, uso dirishani. Wanne. Watano. Mkono wake ukampita mpagazi bila kumgusa, ukaja kwenye mzinga. "Na gurudumu tunalichomoa kuonyesha kwamba..."

Mkono ukasimama.

Aliuinua mzinga karibu na miwani. Akaugeuza kushoto. Akapitisha ukucha kwenye spoku iliyopinda.

"Hili nani amelitengeneza?" aliuliza.

Nje, mtu alikuwa anapasua kuni. Mika aliacha kupenga kamasi.

"Lipi, Mwalimu?" alisema Yudith.

Mwalimu aliushusha mzinga mahali pake, taratibu mno.

"Lilivunjika Jumamosi jioni. Jumapili chumba kimefungwa na koplo. Leo fundi ameliunga akiwa mahabusu, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia wameukanyaga watu wako wa kijiji. Hujauona mzinga huu, umesema. Umejuaje kwamba ulikuwa umevunjika?"

"Watu wanasema mengi..."

"Watu gani? Aliyeona ni mimi, koplo, mpiga picha, na fundi. Na aliyeukanyaga."

Mwalimu alivua miwani. Bila miwani alikuwa mzee sana. Alitafuta kiti, akakikosa, akaegemea ukingo wa meza, palepale kilima kilipobonyea.

"Nilikuja kumsihi," alisema. "Nimekwisha kutoa neno langu kwa mwekezaji, binti. Mbele ya wakubwa. Vijana wetu hapa wanafanya nini? Kabichi zinaozea barabarani. Hoteli ile ingeleta umeme, ingeleta kazi. Nikamwambia Sefania, mifupa haina mwenyewe, haina majina, iache. Yeye akaninyooshea kile kikaragosi cha mti. 'Huyu ana mwenyewe,' akasema, 'anaitwa Hoza.' Nikasukuma mkono wake. Akanishika koti. Vitu vikaanguka. Nyundo ilikuwa pale."

"Ilikuwa mbele yake au nyuma yake?"

Mwalimu alifuta miwani kwa pindo la koti.

"Amepigwa kisogoni, Mwalimu."

"Aliinama kuwaokota," alisema Mwalimu Kristian. "Aliacha kunishika, akainama kuwaokota."

"Halafu ukawaokota wewe."

"Sikumbuki nimewapanga. Haki ya Mungu sikumbuki. Mkono tu."

"Na Jumapili ukawa uani, watu wanampiga Yusufu."

"Nilikuwa uani."

"Ukasema nini?"

Mwalimu alivaa kofia, akaivua tena, kama mtu asiyejua yuko ndani au nje.

"Sikusema," alijibu.

Mika alimfunga pingu. Alimwomba radhi wakati akifunga, halafu akajionea aibu, akavuta mnyororo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

*

Gari la mahabusu lilipofika lilipakia mtu mwingine. Waliokusanyika kumwona fundi akishushwa walimwona Mwalimu wao akipandishwa, na hakuna aliyepaza sauti. Wale wa Jumapili walikuwamo. Mmoja wao alikuwa amevaa buti.

Yusufu alitoka mlango wa nyuma na Zakia. Mganga Abdallah alifungua kitambaa cha khanga, akavigusa vidole kimoja kimoja, akavifunga tena. Alipomwita inspekta pembeni alisema viwili havitakunjika tena, na kwamba yeye hana ujasiri wa kumwambia.

"Anajua," alisema Yudith. "Alijua tangu kwenye gurudumu."

Fundi aliomba kitu kimoja kabla ya kwenda nyumbani. Alitaka kuingia kwenye chumba cha marehemu. Hakuwahi kuingia mlango ukiwa umefungwa, alisema, sasa ufungwe yeye akiwa ndani. Mika akaufunga.

Watano walikuwa bado wamelala pale Mwalimu alipowaacha. Mpagazi amesimama. Dirishani, ukungu ulikuwa umefunguka, na kwenye mgongo wa kilima cha Kwemtindi vilionekana vigingi vya wapimaji wa hoteli, vyeupe, vyenye vitambaa vyekundu juu. Vilikuwa vimechomekwa tayari.

"Mkutano wa kijiji utakuwepo?" aliuliza Yusufu.

"Upo palepale. Kamati itachagua mwenyekiti mwingine."

"Na wa kuwasema wale?"

Yudith alivitazama vile vigingi.

Yusufu aliinama juu ya meza. Kwa mkono wa kushoto aliitoa kamba kwenye bega la mpagazi, akaikunja, akaiweka kando. Alijaribu kumlaza, lakini mtu yule alichongwa ameinama, kwa hiyo hakulala sawa. Mgongo uliinuka na magoti yakabaki yamekunjwa. Akamgeuza ubavu wa kulia, uso dirishani, kwenye mstari na wenzake.

"Sita," alisema. "Mkutanoni nitawasema mimi."